Mstari wa Kupumzika

Saa 2:10 asubuhi

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka grisi. Kifuli alichora barabara kwa chaki juu ya meza. Yeye ndiye mkuu wa genge: sauti ya upole, na hapo ndipo pa kuogopa. Kushoto kwake Bonge, mbeba mizigo, mwenye shingo ya fahali. Kulia, kwenye kiti alichowekewa, Kesha.

Kesha ni dereva wa lori. Jina alipewa na madereva wenzake, kwa kuwa aliweza kumaliza siku mbili bila kufumba jicho. Kilichomleta hapa si mgawo. Ukweli usemwe: kilichomleta ni kile kiti. Miaka mitatu alikula peke yake, akalala peke yake kwenye kabini, akabishana na redio. Hawa wawili walimwuliza kama ameshakula.

Mpango ulikuwa mwepesi. Saa tatu Kesha atoke ghalani na betri za sola. Saa saba aingie nyuma ya kiwanda cha mbao kilichofungwa. Bonge akate sili, lakiri ya mlango wa lori, betri zihamie kwenye kenta, lori dogo la genge. Kesha afike mizani, malori yanapopimwa uzito, alalamike: nililala, nimeamka, nimeibiwa. Kitabu cha safari kitamtetea. Sheria inamtaka dereva apumzike kila baada ya saa nne, aandike kwa mkono wake kwenye mstari wa kupumzika, atie sahihi.

"Andika umelala. Peke yako," Kifuli alisema.

"Na nyinyi?"

"Sisi hatupo, ndugu. Sahihi ni yako."

Bonge alisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hii itapotea daftari likiwepo. Wakacheka. Kesha alicheka mwisho, na kidogo.

Saa 7:04 mchana

Sili ilikatika. Bonge alibeba maboksi mawili mawili. Kesha alishuka kusaidia, akaambiwa arudi kabini akajaze kitabu.

Alifungua ukurasa, mkono ukagoma. Mstari ule aliwahi kuujaza uongo mara moja tu. Mdogo wake ndiye aliyekuwa dereva mwenza. Tajiri mwenye lori alitaka mzigo ufike, basi Kesha akaandika kwamba kijana amelala kwa saa nane. Hakuwa amelala hata saa moja. Kijana alisinzia kwenye usukani penye kona, na aliyetoka hai ni Kesha. Wachunguzi walisoma kitabu wakakiamini. Hakuna aliyelaumiwa, na hilo ndilo lililomtafuna. Tangu hapo kiti cha pili kiko wazi, na Kesha huandika kila dakika ilivyo. Wenzake humtania kwamba huandika hata akienda chooni.

Kifuli alichungulia dirishani. "Umejaza?"

"Nitajaza mizani. Jioni nije gereji?"

"Uje kufanya nini? Baada ya leo hatujuani."

Alisema bila ubaya wowote, kisha akaenda kufunga turubai la kenta.

Saa 9:20 alasiri

Foleni ya mizani ilisogea. Ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha mafuta, kenta ilisubiri kuona kama atapita. Ofisa wa mizani, mama wa makamo mwenye miwani, alipekua kitabu akakirudisha. Mstari wa kupumzika ulikuwa mtupu.

Akiandika amelala, atarudi huru kwenye kabini yake na redio yake. Akiandika kweli, ni jela. Kesha aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri: Saa 7:04 hadi 7:41, nyuma ya kiwanda cha mbao. Sikulala. Tulikuwa watatu, tukiiba. Akaongeza namba ya kenta. Akatia sahihi.

Mama alisoma mara mbili. Akawaita askari wa getini, akawaonyesha ukurasa kwa kidole.

Kifuli aliona kitabu kimepokelewa, akadhani mambo yamekwisha. Akampungia Kesha mkono. Kesha naye akampungia. Askari walikuwa wanavuka barabara.

Saa 10:05 jioni

Waliketishwa kwenye benchi moja, Kesha katikati, pingu zikiwaunganisha. Bonge alitazama sakafu.

"Kwa nini?" Kifuli aliuliza. "Tulikukosea nini?"

Kesha alimgeukia. "Mliniambia niandike niko peke yangu."

Kifuli alivuta mkono wake mbali, lakini pingu ilimrudisha. Kesha aliegemea ukuta, bega kwa bega na wenzake, akalala.