Samaki wa Tekla

Kila asubuhi kabla ya shule, Tekla alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akamchungulia rafiki yake ndani ya ndoo. Rafiki huyo alikuwa samaki mdogo kama kidole, mwenye mstari mweusi ubavuni. Tangu Tekla alipotoka Kihesa kuja kuishi na shangazi yake hapa Igawa, hakupata rafiki mwingine. Wenzake walicheza kwa Kisangu, naye alijua Kihehe na Kiswahili tu. Wakati wa mapumziko alikaa peke yake, akijifanya anasoma.

Samaki yule hakupaswa kuwa pale. Kiangazi kilipokausha mto, darasa lao liliwahamisha samaki waliokwama kwenye vidimbwi, likawapeleka kwenye maji ya kina chini ya daraja.

"Msibakize hata mmoja," Mwalimu Kalinga alisema. "Hawa hawana mto mwingine duniani."

Tekla alimbakiza mmoja. Alitaka mtu wa kuzungumza naye.

Ijumaa aliona maji ya ndoo yamechafuka, akamwonea samaki huruma. Akayamwaga na kumjazia maji ya kunywa ya shangazi, yaliyotiwa dawa ya kuua vijidudu. Mgeni wake naye apate maji safi kama watu! Muda si mrefu samaki akalala ubavu, akitweta.

Tekla akinyamaza, samaki atakufa. Akisema, darasa zima litamwita mwizi, na upweke utazidi. Alibeba ndoo, akakimbia hadi shuleni huku akilia.

"Shikamoo, mwalimu. Nilimwiba. Anakufa!"

"Marahaba. Umemtia maji gani?" Mwalimu Kalinga alinusa ndoo. "Haya yana dawa!"

Devotha, mwenzake Tekla wa dawati moja, alikuwa akimwagilia bustani kwa maji ya mto. Alisogeza ndoo yake haraka. "Mtie humu!"

Samaki alipopata nguvu, wote watatu walimpeleka darajani. Aliponyoka, akajichanganya na wenzake, na Tekla hakuweza tena kumtambua. Alijisikia mpweke kuliko siku zote.

Mwalimu Kalinga alichuchumaa kando yake. "Ulikosea, lakini umesema mapema, ndiyo maana yuko hai. Kosa likifichwa, hakuna wa kukusaidia kulirekebisha. Na upweke nao ni hivyo hivyo, binti yangu. Mbona hukutuambia?"

Devotha aliokota ndoo tupu.

"Kesho nitakupitia nyumbani tukacheze," alisema. "Mimi nilidhani wewe ndiye hututaki."