Kilomita Themanini

Zahran, jirani yetu hapa Nizwa, ni dereva mpole mno. Basi lake la shule hujui kama linatembea au limeegeshwa. Siku ujumbe wa faini ulipoingia kwenye simu, kwamba gari lake dogo limepigwa picha barabara ya kwenda mji wa Adam likikimbia kilomita mia moja sabini na moja kwa saa, alicheka. Kicheko kikakatika. Kwa mwendo huo dereva wa shule hunyang'anywa leseni, na bila leseni Zahran hana kazi.

Asubuhi akaenda trafiki na kamera yake ya kwenye kioo, ile inayorekodi njia na kuandika mwendo kwa setilaiti. Nyumbani alikuwa ameitazama rekodi bila sauti. Ilikuwa themanini, mwanzo hadi mwisho.

"Themanini?" Afande Hilal akamcheka. "Ami yangu, ngamia wakikupita wanakusalimia?"

"Wacha wanisalimie, mwanangu. Wewe nifutie kosa."

Afande akalinganisha saa na mahali. Vyote vilikubaliana, akasema atalifuta. Zahran akamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha afande akafungua picha ya kamera ya barabarani, na tabasamu likamtoka.

"Huyu mama uliyempakia ni nani?"

"Nilikuwa peke yangu. Natoka kwa mkwe wangu."

Afande akamgeuzia kompyuta. Kiti cha pembeni kilikuwa na mwanamke. Alikuwa amegeuka kutazama nyuma, mdomo wazi. Shavuni alikuwa na kovu la moto, na kovu lile Zahran alilijua. Ni Zuwena, mkewe, aliyezikwa siku arobaini kabla ya safari ile.

Bi Ghaniya, mama yake Zuwena, hakulia hata siku ya mazishi. "Jeneza lilikuwa jepesi," alisema. "Mwanangu hakufa. Wachawi wamemchukua, nyie mmezika gogo." Siku ile ya picha Zahran alikuwa ametoka kumkemea kwa maneno hayo.

"Gari lako lilikwenda themanini," afande akanong'ona. "Sasa mashine imepima nini?"

Kwenye picha hapakuwa na gari jingine nyuma. Palikuwa na vumbi tu, limesimama wima, karibu liguse buti.

Afande akarudisha rekodi nyuma. Akafungua sauti.

Tairi. Upepo. Zahran anaimba kidogo kidogo. Halafu mwanamke, anahema.

"Ongeza mwendo, Zahran."

Themanini.

"Wananifikia. Zahran, ongeza!"

Themanini.

Ukelele. Kisha upepo tena, na Zahran akiendelea na wimbo wake.

Kosa lilifutwa mchana uleule. Leseni anayo, ila tangu siku hiyo hajashika usukani. Nani atamwambia hakukosa? Ushahidi alioupeleka kwa mkono wake ulimsikia mkewe akiomba, ukaandika sekunde kwa sekunde kwamba yeye hakuongeza hata kilomita moja.

Gari liko uani kwake, nimeliona kwa macho yangu. Mkanda wa kiti cha pembeni umevutwa hadi mwisho, kuelekea kioo cha nyuma. Mafundi wawili wamejaribu kuulegeza, wakashindwa. Umekaza hewani, na hakuna kilichoushika.