Kilumi Kilichokatizwa

Ngoma ilinyamaza, lakini miguu ya Syokau iliendelea kucheza. Wageni wa hoteli walicheka, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Mumewe Nzomo, ngoma ikiwa bado katikati ya magoti yake, hakucheka.

Zamani kilumi, mchezo wa kuita roho, kilichezwa kwenye ithembo, kichaka cha kuombea mvua kilichokuwa juu kidogo ya hapo, katika vilima vya Iveti. Roho iliitwa kwa ngoma. Kisha, kwa mdundo wa polepole, ilisindikizwa hadi kwenye mkuyu wake, na maziwa yakamwagwa shinani. Mwangangi, msimamizi wa maonyesho, ndiye aliyeuondoa mdundo huo.

"Mzee, wageni wana ndege ya kupanda," alisema. "Hiyo ya mwisho inawalaza."

Nzomo alikubali. Kwa miezi mitano waliita bila kurudisha.

Wiki ile miguu ya Syokau ilipokataa kusimama, nyumba yao ilinuka udongo uliolowa, ingawa hata tone la mvua halikuwa limeanguka. Syokau aliacha kula. Alikunywa maji ndoo kwa ndoo, na visigino vyake vikapasuka kama gome. Nzomo alipokuwa akimwosha miguu, sauti ya ajuza ilimtoka mkewe, taratibu, bila hasira.

"Mmeniita. Mbona hamnirudishi?"

Kasiva, mganga wa kilumi, alisema Syokau angepona ikiwa tu mdundo wa mwisho ungepigwa penye mkuyu. Walimpeleka mchana uleule. Hakuna kati yao aliyekuwa amefika huko tangu hoteli izungushe ua. Mkuyu haukuwepo. Ulikatwa ili wageni waone tambarare hadi Konza, na mahali pake palimwagwa simiti.

"Sasa nitaipeleka wapi?" Kasiva alinong'ona. Kisha akasema, "Piga, baba. Labda itakumbuka njia."

Nzomo akapiga, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumpa mkewe, akapiga hadi viganja vikachanika, na Syokau akatembea hadi katikati ya simiti, akavua viatu, akainua mikono na kutanua vidole kuelekea jua, akatulia tuli, na wageni waliokuwa wakinywa chai wakasogea na simu zao wakimsifu kwa kutotikisika, na Nzomo akamwita kwa jina lake, kisha kwa jina ambalo yeye peke yake alimwita nalo wakiwa wawili, naye hakugeuka.

Wageni walipiga makofi. Pumzi ya Syokau ilikuwa imekatika kitambo.

Hakuanguka. Ilibidi wanaume wanne wamng'oe.