Mafiga ya Perpetua

Ajabu ilianza na maharage. Perpetua, mpishi wa mafundi, aliyabandika alfajiri, akachochea mpaka jua la utosi. Moto uliwaka, maji yakatokota, maharage yakagoma. Fundi wa kwanza kuonja aliyatema kama kokoto.

"Mpishi mbovu," alisema Urbanus, akaendelea kuvuta kiko chake.

Huyu Urbanus alikuwa msanifu majengo. Alisoma Ulaya, Ulaya ya wazungu, si hii yetu ya Kilosa, akarudi na miwani, kiko na dharau. Ole wake kibarua aliyemwita injinia! Alikuwa ametumwa kujenga zahanati ya kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Mikumi, naye akawaahidi wakubwa kwamba Saba Saba wangekuja kuifungua. Tuzo yake ingekuwa ofisi Dar es Salaam, mbali na vumbi letu. Perpetua alikuwa na umri wa kumzaa, lakini asubuhi alimpungia kiko tu, basi. Shikamoo zake aliwawekea wenye magari.

Sasa sikia ujinga wa msomi. Lori la mawe lilipochelewa, aliamuru mawe yaokotwe kwenye mahame, kule walikohamishwa wanakijiji kwa haraka, wengine wakiacha moto unawaka. Vibarua walileta mawe ya kila namna isipokuwa mafiga.

"Mafiga hatugusi, Ndugu Msanifu," alisema Kondo, nyapara wake. "Mama akihama huyamwagia maji, akayaaga. Haya hayakupozwa. Kuna aliyebaki kuyalinda."

"Jiwe ni jiwe," alisema Urbanus. Akaenda mwenyewe, akachukua mafiga matatu kwenye hame moja, akayatupa chini ya chumba cha mganga wa zahanati, akayafunika kwa zege. Kisha akahamia humo na kitanda na meza yake, kwa kuwa hema lilimshusha hadhi.

Perpetua aliposikia habari hiyo alimvuta Kondo kando. "Moja lina ufa katikati?"

"Lina ufa, mama."

"Ni yangu," akasema kwa sauti ndogo. "Aliyeyalinda mekoni kwetu alikuwa akinijua mimi. Huyu hamjui."

Tangu hapo hakuna kilichoiva pale kazini. Ugali ulibaki unga na maji. Mafundi waliishi kwa ndizi mbivu na miwa, wengine wakafunga virago kwenda Ruaha. Lakini chumbani kwa Urbanus kulinukia maharage yaliyoungwa vitunguu, harufu ya kumtoa mtu udenda, na sakafu ikawa vuguvugu chini ya nyayo. Unajua alisema nini? Alisema jengo lake linahifadhi joto vizuri. Akajipongeza!

Kisha akaanza kusikia pumzi. Fuu. Fuu. Alidhani ni upepo, akafunga dirisha, na pumzi ikaendelea, polepole, kama ya mtu aliyeinama kupuliza makaa, akainua kitanda hakuona kitu, akalaza sikio sakafuni na sikio likamuungua, akakimbia kulala ndani ya gari lake na kiti kikapata moto chini yake, akaingia mtoni na maji yakamzunguka kwa povu jembamba, na kila alipokwenda pumzi ile ilimfuata, fuu, fuu, sasa ikitokea chini ya mbavu zake mwenyewe.

Kondo ndiye aliyemleta Bi Generoza, mganga kutoka Ulaya yetu, mwanamke mfupi aliyekuja juu ya baiskeli. Alimtazama Urbanus jinsi mtu anavyotazama samaki sokoni.

"Jini la mekoni limekubandika," alisema. "Na chungu hakijiteremshi."

"Nitavunja sakafu," alinong'ona Urbanus.

"Ukivunja hayajapozwa, unalifungulia kijiji kizima. Dawa yako ni bure. Mpigie magoti mwenye mafiga, mpishi wako Perpetua, mwamkie, umwombe ayapoze. Chelewa mpaka adhuhuri, usiniite tena."

"Nimwamkie mpishi? Mbele ya vibarua?"

Bi Generoza akacheka kwa chuki. "Umeshakuwa chakula, na bado unachagua wa kumwamkia!"

Perpetua alikuwa amesimama uani na kibuyu cha maji. Mafundi waliobaki walisogea kutazama. Urbanus alitoka, midomo imepasuka, ngozi kavu isiyo na tone la jasho. Akafika mbele yake. Akatazama ardhi pale magoti yake yalipotakiwa kutua, akatazama suruali yake ya pasi.

"Kondo," alisema, "mwambie huyu mpishi amwage maji yake. Ni amri."

"Mwanangu," Perpetua alisema, maana hakumtakia kifo, "ni neno moja tu."

Urbanus akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo. Haya, kichwa cha kuchora maghorofa, kikashindwa kuinama!

Jua lilipofika utosini pumzi ile ilisikika mpaka uani, haraka haraka, kama ya mpishi aliyechelewesha wageni. Ndani kitu kikaanguka. Kisha sauti yake ikatoka nyuma ya mlango, nyembamba, yenye mvuke.

"Shika..."

Perpetua alikimbia, akashika kitasa, kikamuunguza kiganja. Kondo akauvunja mlango kwa sururu. Urbanus alikuwa ameketi kitini, miwani imejaa ukungu, shati halina hata alama ya moto. Bi Generoza alimgusa mkono kwa kidole gumba, na kidole kikazama. Akakifuta kwenye khanga yake.

Perpetua alimwaga maji sakafuni. Yakalia chwaa, pumzi ikakatika.

"Marahaba," alisema taratibu, akilia.

Uani chungu cha maharage kilikuwa bado jikoni tangu alfajiri. Kondo alikifunua. Maharage yote yalikuwa yameiva, laini, mazito, yenye harufu nzuri.

Mafundi walikuwa na njaa ya siku nyingi. Hakuna aliyeleta sahani.