Ubeti wa Bibi Stumai

Asubuhi ya kupura uwele, Yunisi hakungoja kuamshwa. Siku nyingine mama yake, Kristina, alimwita mpaka koo likamkauka, naye akazidi kujikunyata kama kiziwi. Siku hiyo ni jogoo ndiye aliyechelewa. Yunisi alikuwa amekwisha kuchota maji, kufagia uga na kuwafungulia ndama, na sasa alizungukazunguka mlangoni kwa bibi yake, Rahabu, akiona jua linamfanyia makusudi.

"Shikamoo, Bibi! Umeamka? Leo ndiyo leo!"

"Marahaba, mke mwenzangu," Bibi Rahabu alijibu kutoka ndani. "Leo itafika hata usiporukaruka. Njoo unishike mkono huu mvivu nitoke nje."

Mkono mvivu ulikuwa wa kulia. Wakati wa masika bibi huyo alianguka shambani, na alipozinduka upande mmoja wa mwili ulikuwa mzito. Walimbeba mpaka hospitali ya misheni. Miguu ilirudi polepole, ulimi nao ukarudi, lakini maneno mengine hayakurudi. Angeweza kuomba chumvi akakwama katikati, akabaki anacheka na kusema, "Lile jina limetoka kidogo, litarudi."

Miaka hiyo Waingereza ndio waliotawala, na bwana shauri alikaa Kiomboi. Watu wa Kinyangiri walipura uwele kwa kusaidiana, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Walisimama safu mbili wakitazamana, kila mtu na fimbo yake, wakayapiga masuke yaliyotandazwa kwenye uga uliosilibwa kwa samadi. Bila wimbo fimbo zingegongana na vichwa vingevimba. Kwa hiyo waliimba.

Kwenye uga wa Zefania, baba yake Yunisi, wimbo ulikuwa wa mama yake, Bibi Rahabu. Aliutunga mwenyewe, nao ulisimulia maisha yake mwenyewe: kuzaliwa kwake, ndoa yake, ugonjwa wa ndui, vita vya Wajerumani, na watoto aliowazaa na kuwazika. Kila mavuno, kama mwaka ulikuwa na neno la kusimulia, aliongeza ubeti. Watu waliitikia kiitikio tu. Beti zilikuwa zake, na kwa desturi ya uga huo hakuna mtu aliyethubutu kuugusa wimbo wa mwenzake aliye hai, hata kama aliujua wote. Mwenye wimbo akichoka, aliyeweza kumsaidia ni yule tu aliyemchagua mwenyewe.

Na mwaka huo Bibi Rahabu alikuwa amemchagua Yunisi! Msichana wa darasa la tatu, mbele ya wanawake wazima! Yunisi alitangaza habari hiyo kisimani, shuleni na njiani, mpaka rafiki yake Maria akamwambia, "Basi, tumesikia."

Jioni kwa jioni, Yunisi akisaga na bibi yake akiwa ameketi kando, walipitia wimbo ubeti kwa ubeti. Yunisi alishika upesi kweli. Lakini jioni ya kufundishwa ubeti wa ndui, Maria alikuwa nje akimwita wakacheze, na masikio ya Yunisi yote yalikuwa nje.

"Umeushika?" bibi yake aliuliza.

"Nimeushika, Bibi!" alijibu, mguu mmoja ukiwa tayari nje ya mlango.

Alikuwa ameshika nini? Kwamba ulikuwa ubeti wa ndui. Basi. Kesho yake aliona haya kurudi kuuliza, na keshokutwa alikuwa amekwisha kujiambia kwamba ubeti huo bibi hawezi kuusahau.

Watu walianza kufika. Alikuja jirani yao Ezekieli na fimbo begani, wakaja akina mama na nyungo zao, wakaja watoto ambao kazi yao kubwa ilikuwa kunywa togwa. Halafu akatokea bibi mmoja mwembamba, vumbi limempanda mpaka magotini, uso wake wote umejaa makovu ya ndui. Alikuwa Bibi Stumai, aliyekulia Kinyangiri na kuolewa Ilongero. Kila mavuno alikuja kwa miguu, akilala njiani kwa ndugu zake.

"Niliambiwa unaumwa," alimwambia Bibi Rahabu wakiwa wameshikana mikono. "Nikasema mwaka huu nitafika hata kwa kutambaa. Lazima niusikie ubeti wangu."

"Upi?" Yunisi alidakia.

"Wa ndui, mjukuu wangu. Huko Ilongero wapo wanaonitazama uso na kugeukia pembeni. Hapa ukiimbwa ubeti ule, najua kwa nini Mungu aliniachia uso huu. Nikitoka hapa, natembea vizuri mwaka mzima."

Hapo Yunisi alikuwa na nafasi ya kumvuta bibi yake kando na kumwambia kweli, maana watu walikuwa bado wanakunywa togwa. Hakumwambia. Maria alikuwa anamtazama, na Yunisi aliona afadhali uga upasuke kuliko Maria ajue.

Zefania aliinua fimbo yake. Pu! Safu moja ikapiga. Pu! Safu ya pili ikajibu. Vumbi la makapi likapanda, punje zikaruka, na Bibi Rahabu, ameketi kwenye kigoda na Yunisi nyuma ya bega lake, akafungua sauti kwa Kinyiramba. Sauti ilitetemeka kidogo, kisha ikakaza. Ubeti wa kuzaliwa ukapita. Katika ubeti wa ndoa bibi alikwama, Yunisi akamdokeza neno moja tu, naye akaendelea kama ng'ombe aliyeona njia ya nyumbani. Watu wakapiga vigelegele. Yunisi alisikia raha mpaka kwenye vidole vya miguu.

Ukaja ubeti wa ndui. Bibi Rahabu alifungua kinywa, lakini hakuna kilichotoka.

Pu! Pu! Watu wakarudia kiitikio kumpa nafasi. Bibi Rahabu akamgeukia mjukuu wake. Safu zote mbili zikamtazama Yunisi. Akatafuta kichwani, kichwa kilikuwa kitupu. Akavuta pumzi, akabuni:

*Ndui ilipokuja, Rahabu hakuogopa,*
*Alilala peke yake, hakuna aliyemjia,*
*Hakuna aliyeleta maji, hakuna aliyeleta uji,*
*Peke yake aliinuka, ndui ikamkimbia!*

Ulitoka vizuri, tusimnyime haki yake. Watoto walishangilia na Maria akapiga makofi. Lakini watu wazima hawakuitikia. Fimbo zilipoteza mpigo, moja ikagonga nyingine, kisha zote zikanyamaza. Bibi Stumai alilaza fimbo yake chini taratibu, akajifunika uso kwa upande wa kanga, akaenda kukitafuta kifurushi chake cha safari.

"Nimechoka kidogo," alisema. "Afadhali nianze kurudi mapema."

"Yunisi," Bibi Rahabu aliita. Sauti ilikuwa ndogo. "Ubeti huo ni wangu?"

Yunisi alimwona Bibi Stumai akijaribu kufunga kifurushi na vidole havimtii, akaelewa kwamba yeye ndiye aliyefanya jambo lile. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Si wako, Bibi! Nimeubuni sasa hivi. Siku ile uliponiuliza, nilisema nimeushika, na sikuwa nimeushika. Nilitaka kwenda kucheza. Halafu nikaona haya. Bibi Stumai, usiondoke, nisamehe! Mimi sijui ulifanya nini, ila najua nimekufuta."

Kristina alishika kichwa. Zefania alitaka kusema kwa ukali, lakini mama yake alimnyamazisha kwa mkono wa kushoto.

"Mama Stumai," alisema Ezekieli, "ubeti wenyewe unaujua. Utuimbie, kazi iendelee."

"Nijisifu kwa mdomo wangu mwenyewe?" Bibi Stumai alishtuka. "Mdomo huo sina."

Hapo Bibi Rahabu akafanya jambo ambalo uga ule haukuwahi kuliona. Alijiinua kwenye kigoda, akamwegemea Yunisi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka zizini:

"Mjukuu wangu amesema kweli, na mimi niseme yangu. Tangu niumwe naficha. Nacheka ili msijue, lakini wimbo wangu unanitoka. Ubeti wa ndui nimeusahau, mimi mwenye nao. Nawafungulia wimbo wangu leo. Aliye na neno langu, anirudishie!"

Watu walitazamana. Kisha Ezekieli akakohoa, akaimba kwa aibu, na sauti yake mbaya haikumzuia:

*Ndui ilipoingia Kinyangiri, mlango wangu ulikimbiwa...*

"Ndio huo!" Kristina alipiga kelele, akadaka mstari wa pili:

*Ndugu waliacha maji njia panda, wakarudi mbio...*

"Na Stumai!" alisema Zefania. "Hapo anakuja Stumai!" Akapiga fimbo chini, pu! Wengine wakamfuata, pu! pu! na sauti tatu nne zikaimba kwa pamoja:

*Ni Stumai aliyeinama, akaingia na uji...*

Wakafika mstari wa mwisho na wote wakakwama. Huyu alisema hivi, yule vile, mwingine akatikisa kichwa. Bibi Rahabu hakuwasikiliza. Alikuwa anamtazama rafiki yake, na mguu wake mzito ulikuwa umeanza kupiga chini pamoja na fimbo. Midomo ilicheza. Kisha sauti ikatoka, nzima:

*Makovu ya uso wake yalitoka kwangu, naye hakuyakataa!*

Loo, kelele zilizopigwa! Vigelegele vilipanda, ndama wakakimbia, togwa ikamwagika na hakuna aliyejali. Bibi Stumai alikuwa analia na kucheka, kanga imemwanguka begani na uso wake uko wazi. Bibi Rahabu hakumpa nafasi ya kupumua. Akaongeza ubeti wa mwaka huo palepale:

*Mwaka huu nimeanguka, mkono wangu umelala,*
*Maneno yangu yametawanyika kama uwele ugani,*
*Nimewaita majirani, wameniokotea,*
*Nimezeeka kweli, lakini sijabaki mtupu!*

Walipura mpaka jua likawa la utosi. Walipoketi kula, Yunisi alikwenda kupiga magoti mbele ya Bibi Stumai na kumwomba amfundishe ubeti wa ndui.

"Nimekwambia sijiimbi," alisema Bibi Stumai.

"Basi niimbe mimi, wewe utikise kichwa nikikosea."

Akaimba. Bibi Stumai alitikisa kichwa mara nyingi, na kila mara Yunisi alirudi mwanzo, Maria akimcheka waziwazi. Mwishowe aliumaliza bila kosa, na bibi huyo akamshika mashavu kwa mikono yake miwili.

"Nisipofika mavuno mengine," alimwambia, "uimbe vivyo hivyo."

Bibi Rahabu alimvuta mjukuu wake karibu, na watoto wengine wakasogea.

"Sikilizeni, na wewe mke mwenzangu usikie vizuri," alisema. "Kusahau si kosa. Mimi ni mzee, nimeugua, nitasahau tena. Kutojua nako si kosa, ninyi bado wadogo. Kosa ni kusema unajua ili watu wakuone. Yunisi alificha, mimi nikaficha, na nusura rafiki yangu aondoke hapa akidhani nimemsahau. Tuliposema kweli, mliturudishia kila kitu. Kwa hiyo mwalimu akikuuliza, au mama, au mgonjwa anayekutegemea, na hujui, sema, 'Sijui, nifundishe.' Utaona haya kidogo, halafu utajua."