Mipira ya Timu ya Tassia

Kila Jumamosi asubuhi Kui alikuwa na kazi yake uwanjani. Alifagia viti vya mashabiki, kisha akazikusanya zile punje nyeusi za mpira ambazo wachezaji hutoka nazo viatuni na kuzirudisha kwenye nyasi bandia. Mama yake, Bi Lydiah, alifungua geti na kujaza maji matangi ya vyumba vya kubadilishia nguo. Nje ya ukuta, Mama Khavere, aliyewapikia mashabiki na marefa, alikuwa tayari akisukuma chapati. Kufikia saa nne filimbi ya kwanza ililia, na mtaa mzima wa Mowlem ukajua kwamba ligi imeanza.

Uwanja huo ulikuwa wao wenyewe. Marehemu baba yake Kui ndiye aliyenunua ardhi, na mama akachukua mkopo kwenye chama cha akiba ili kuweka nyasi, taa na viti. Alithubutu kufanya hivyo kwa sababu Bwana Ochola, mwenyekiti wa ligi ya timu za mitaa, alimwahidi kwamba ligi ingeukodi uwanja kila wikendi. Mwanzoni alilipa vizuri. Baadaye alianza kusema, "Wiki ijayo, Mama Kui." Wiki hiyo ilipofika, aliomba nyingine.

Jumamosi moja Kui alifagia viti vyote na hakuna timu iliyokuja. Mama Khavere alikaa na chapati zake hadi zikapoa. Mchana Bwana Ochola aliingia peke yake, akaketi kwenye kiti cha chini kabisa.

"Mama Kui, sina habari njema," alisema akitazama viatu vyake. "Mdhamini wetu alijiondoa. Nilidhani nitapata mwingine, sikupata. Ligi imefilisika."

"Na kodi ya uwanja?"

"Kodi, marefa, chakula, tunadaiwa kila mahali. Mahakama itateua msimamizi auze vitu vya ligi, halafu wanaotudai wagawane. Sijui kama kitapatikana cha maana."

Kui alimtazama mama yake, akingoja akasirike.

"Utakunywa chai?" mama akauliza.

Siku zilizofuata zilifanana. Mama alifungua geti asubuhi, akaketi kwenye kibanda cha tiketi, akalifunga jioni. Umeme wa uwanja, pamoja na wa nyumba yao iliyokuwa kando ya geti, ulikatwa. Maafisa wa chama cha akiba walipiga simu, naye akawajibu kwa sauti ileile aliyotumia kumwambia Kui avae sweta. Shuleni Kui alijibu maswali aliyoulizwa na kula alichopewa. Rafiki zake walicheka, naye akawaangalia kama watu walio upande wa pili wa dirisha. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Vitu vya ligi vilikuwa vimebaki katika stoo ya uwanja: nyavu, jezi, bendera za pembeni na mipira. Siku moja mjomba wake Kui, Munene, alikuja kuwajulia hali. Alichungulia mle ndani.

"Lydiah, unalala njaa na mali imejaa hapa? Uza. Hawa watu wamekula jasho lako."

"Si vyangu," mama alijibu. "Msimamizi akija atavikuta vyote."

"Basi ngoja," mjomba alisema, akaondoka akitikisa kichwa.

Kui aliyasikia maneno hayo yote. Jumatatu, baada ya shule, kibanda cha tiketi kilikuwa wazi na mama alikuwa ameenda dukani. Kui alichukua ufunguo wa stoo. Kwenye wavu mmoja kulikuwa na mipira myeupe iliyokuwa bado mipya. Alitoa miwili, akaitia ndani ya mkoba wake wa shule. Alitarajia kuogopa. Hakuogopa, wala hakufurahi. Aliona kama ni mikono ya mtu mwingine.

Mwanafunzi mwenzake, Seth, aliinunua mipira hiyo kesho yake bila kuuliza mengi. Kwa pesa hizo Kui alinunua unga, mafuta na sukari.

"Mama Khavere ametutumia," alimwambia mama.

Mama aliutazama mfuko, akakaa kitako. "Mama Khavere? Naye ligi haijamlipa chakula cha marefa." Kwa mara ya kwanza tangu ligi ianguke, sauti yake ilitetemeka. "Mungu ambariki. Nitaenda kumshukuru Jumamosi."

Usiku ule Kui alikula ugali bila kusikia ladha yake.

Jumamosi ilipofika, kabla mama hajaenda popote, geti liligongwa. Alikuwa Anyango, nahodha wa timu ya wasichana ya mtaa wa Tassia, msichana mrefu aliyekuwa akifanya kazi saluni.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuchukua wavu wetu wa mipira. Tulikuwa tunauacha hapa ili tusiubebe kila wikendi."

"Hiyo si mipira ya ligi?" mama aliuliza.

"Hapana. Ni yetu. Wasichana walifulia watu nguo mtaani Pipeline likizo nzima ili tuinunue. Hata Bwana Ochola anajua."

Mama alimpigia Bwana Ochola simu, naye akathibitisha. Walipofungua stoo, Anyango aliinua wavu, akaushusha, akauinua tena.

"Miwili haipo," alisema polepole.

Mama alimgeukia Kui. Kui alitazama ukuta, kisha akamtazama Anyango na mikono yake iliyokuwa na madoa ya rangi ya nywele.

"Ni mimi," alisema. "Nilimuuzia Seth. Unga haukutoka kwa Mama Khavere, mama. Ni mimi."

"Kwa nini?" Anyango aliuliza.

"Nilidhani ni ya ligi. Tunawadai."

Mama alifunga stoo. "Anyango, tupe hadi jioni," alisema. "Kui, vaa viatu. Twende."

Walitembea hadi Pipeline. Baba yake Seth, Bwana Owuor, aliishi ghorofa ya juu katika jengo lililobanana na mengine hadi mchana ukafanana na jioni. Aliwakaribisha, akasikiliza. Seth aliitoa mipira chini ya kitanda akiwa amenuna.

"Mipira mtaichukua," Bwana Owuor alisema. "Lakini mtoto wangu aliilipia kwa akiba yake. Pesa zake je?"

Mama alimtazama Kui. Kui akaelewa kwamba jibu lilikuwa lake.

"Nitalipa," alisema.

"Lini?"

"Wiki ijayo," Kui alisema, na papo hapo akayasikia maneno yale kwa sauti ya Bwana Ochola. Uso ukamwaka moto. "Hapana. Wiki ijayo sitakuwa nazo zote. Nitatafuta kazi, nilete kidogo kidogo kila Jumapili mpaka ziishe."

Bwana Owuor alifikiri. "Hapo sawa. Nitakungoja."

Jioni hiyo Anyango alipata mipira yake. Aliihesabu, akaitazama nyumba ya kina Kui iliyokuwa giza, akaaga.

Kui alianza kumwoshea Mama Khavere vyombo baada ya shule. Mama huyo sasa aliuza chapati karibu na kituo cha magari. Sabuni ilimchubua vidole. Kila Jumapili alipanda ngazi kwa Bwana Owuor. Nyumbani, mama aliacha kukaa kibandani mchana kutwa. Alienda kwenye chama cha akiba akaeleza hali yake, wakamrefushia muda wa kulipa mkopo. Msimamizi naye alikuja, akauza vitu vya ligi. Fungu la mama lilitosha kurudisha umeme tu.

Baadaye Anyango alirudi, akiwa na manahodha wengine.

"Mama, tumeamua kuandaa mechi zetu wenyewe," alisema. "Kila timu italipia uwanja kabla ya kuingia. Wengine walitaka tuhamie kwingine. Niliwaambia hapa kitu chako kikipotea, kinatafutwa hadi kirudi."

Mama aliwakaribisha viti. Kisha akachukua daftari na kuanza kuandika majina ya timu.

Jumapili ambayo Kui alimaliza deni lake, mama alimsindikiza. Waliposhuka ngazi, Kui alisimama kwenye baraza la chini na kuanza kulia, polepole kwanza, kisha kwa nguvu. Hakujua ni kwa sababu ya mipira, au baba yake, au zile Jumamosi zote za viti vitupu. Mama alimngoja.

"Tulidhulumiwa, Kui," alisema alipotulia. "Hilo ni kweli, na una haki ya kuumia. Lakini kati yetu na waliotudhulumu kuna watu wengine wasio na kosa lolote. Ukianza kuchukua kisicho chako kwa kuwa nawe ulichukuliwa chako, utamuumiza mtu ambaye hata humjui. Ukiwa na deni, sema ukweli na ulipe kwa kazi ya mikono yako. Ukidai, dai kwa njia iliyo wazi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Haya, pangusa uso. Timu zinafika saa nane, na hatujafungua."