Jina Lililobaki Kwenye Jedwali

Taf. Taf. Kimya kidogo, kisha tena: taf.

Sauti ya muhuri ilimfikia kabla hajaona chochote, maana mbele yake palikuwa na migongo ya watu tu. Foleni ya wachangiaji damu ilikuwa imejaza ukumbi wa kituo hadi mlangoni. Kijana huyo, mtunga programu ambaye wenzake walimwita Fundi, alikuwa anaitafuta ofisi ya meneja. Badala yake alisukumwa na kusukumwa hadi akajikuta ameegemea dirisha la usajili, uso kwa uso na mwenye muhuri: karani mmoja aliyevaa gauni la bluu lililopauka kwa kufuliwa, mikono kaikunja hadi viwikoni, kidole cha shahada cheusi kwa wino.

"Kundi la damu, kaka?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Silijui. Mimi sikuja kutoa damu."

"Eh. Kila anayeogopa sindano huwa hakuja kutoa damu."

Foleni nzima ikacheka. Fundi angeweza kujieleza akaenda zake, lakini kiburi chake kilikuwa karibu kuliko ulimi wake. Alikunja mkono wa shati palepale. Alipofika kwa Meneja, nusu saa baada ya miadi, alikuwa na kipande cha pamba kwenye mkono na tabasamu asilojua alilitoa wapi.

Kazi aliipata. Nyuma ya kiti cha Karani kulikuwa na daftari thelathini na nne, na ndani yake majina elfu nne na ushei ya wachangiaji. Hospitali ikitaka damu ilipiga simu, na Karani akafunua kurasa mgonjwa akisubiri. Fundi angeandika programu kwa lugha ya Java, iwe kama mlango mmoja wa kubishwa na hospitali zote kupitia mtandao: nani ana damu ya namna hii, na anaishi karibu? Programu ingechungulia kwenye hifadhidata, ghala la majina ndani ya kompyuta, na kujibu kabla muuguzi hajavuta kiti. Karani angeyaingiza majina yote, moja moja.

Miezi mitatu walikaa meza moja. Karani alichapa majina, Fundi akaandika msimbo wa programu, na kati yao chupa moja ya chai. Karani alimtania kwamba anaongea na mashine vizuri kuliko anavyoongea na watu. Fundi akamfundisha kila kitu: jedwali ni nini, seva, ile kompyuta inayoendesha programu, ni nini, na kwa nini lazima izimwe na kuwashwa upya ndipo mabadiliko yafanye kazi. Jioni walipigiana simu kuulizana mambo waliyokwisha kuulizana mchana. Mama yake Karani alianza kumwita "mkwe" kabla hata barua ya posa haijaandikwa.

Damu ya Karani mwenyewe ilikuwa adimu, ya wachache sana. Basi Fundi akafanya jambo la kimapenzi kwa namna aliyoijua. Aliiagiza programu kwamba kila inapoamka ihakikishe jina la Karani lipo, la kwanza kwenye jedwali, na kama halipo iliweke. Kisha ioneshe mstari mmoja chini ya kioo cha kompyuta ya Karani:

*Nimeamka, mpenzi, jina lako ni la kwanza.*

Asubuhi iliyofuata Karani alimpigia simu akicheka hadi akakohoa. "Hivi watu wengine hupewa maua, eti?"

"Maua yananyauka. Huo mstari utakusalimia kila seva ikiwashwa, hata tukizeeka."

"Haya, Fundi wangu. Tutaona."

Majina yalipokwisha kuingizwa, Fundi alimwambia Meneja kwamba daftari hazina kazi tena, zinakula nafasi. Karani aliomba zisubiri kidogo. Fundi akamcheka mbele za watu, kwa upole, lakini akamcheka. Daftari zikapelekwa kwenye mashine ya kukatia karatasi, na nakala ya akiba ya hifadhidata, ambayo Fundi aliahidi kuitengeneza kila siku, ikabaki jambo la wiki ijayo. Wiki ijayo ilikuwa na shughuli nyingi, kwani hospitali sita zilikuwa zinakuja kumsikiliza.

Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, Fundi akiwa ofisini kwake aligundua kasoro ndogo kwenye tarehe. Akairekebisha, akapandisha toleo jipya, akawasha seva. Lakini toleo hilo lilitoka na mpangilio wa majaribio, ule anaoutumia kwenye laptopu yake peke yake: seva ikiwaka, futa majedwali yote, yaunde upya.

Simu ikalia.

"Fundi wangu, umegusa kitu? Huku naona jumla ya wachangiaji ni mmoja."

"Mimi? Sijagusa," alijibu haraka, kama mtu anayekwepa jiwe. "Wewe umebonyeza nini?"

Alipokata simu ndipo alipofungua mpangilio na kuuona. Alikaa akiutazama hadi macho yakamwasha.

Saa sita Meneja aliwaita wote wawili. Alikuwa amekwisha kupata mkosaji. Majina elfu nne yamepotea, alisema, limebaki moja, na hilo moja ni la mwenye kuyachapa. Nani asiyeona? Fundi alitazama viatu vyake. Sentensi moja tu ilihitajika. Akawaza hospitali sita, akawaza jina lake.

Karani hakumtazama Meneja. Alimtazama yeye.

"Labda nilibonyeza kitu bila kujua," alisema taratibu. "Au vipi, Fundi?"

"Labda," alisema Fundi.

Karani aliweka funguo mezani, akachukua mkoba wake, akatoka.

Kwa siku kumi na saba Fundi alipiga simu isiyopokelewa. Alijiambia kwamba Karani amenuna tu, kwamba hajui lolote, kwamba atamwoa na jambo litasahaulika. Siku ya kumi na nane hospitali moja ikabisha kwenye ule mlango wake: kuna mama anavuja damu baada ya kujifungua, anahitaji damu adimu. Programu ikafanya kazi bila kasoro hata moja. Ikajibu kwa jina moja, la kwanza na la pekee.

Karani alikuja kituoni. Alivaa lile lile gauni la bluu. Alilala kitandani, akanyoosha mkono, akatazama dari. Fundi alisimama mlangoni akaona damu ikishuka kwenye mrija. Alimwambia Meneja, aliyekuwa pembeni, kila kitu: mpangilio, nakala ambayo haikuwepo, ile "labda". Meneja alimsikiliza, akamwambia hatamfukuza, maana aliyeharibu ndiye atakayetengeneza. Karani anaweza kurudi kazini hata kesho.

Fundi akasogea kitandani. "Umesikia, mpenzi? Nimesema."

"Nimesikia, kaka."

Neno hilo lilimchoma.

"Sikutaka ujue namna hii, mbele ya…"

"Nilijua tangu saa nne na dakika kumi na mbili. Salamu yako ilitokea kwenye kioo. Ni wewe uliyenifundisha kwamba haitokei ila seva ikiwashwa, na anayeiwasha ni wewe peke yako." Alibonyeza pamba kwenye mkono. "Nilikuuliza kwenye simu. Nikakuuliza tena mbele ya Meneja. Sikuwa nauliza kwa sababu sijui."

"Nipe nafasi nyingine."

"Nilikupa mbili."

Alikaa, akatoa kwenye mkoba daftari jembamba la shule. Alikuwa amenakili humo, kabla mashine haijala zile daftari kubwa, majina na namba za simu za watu sitini na watatu wenye damu adimu. Wauguzi walikuwa wanampigia nyumbani siku zote hizo, naye anawasomea.

"Hapa sirudi. Nimepata kazi kwingine, na mama nimekwisha kumwambia asikuite mkwe. Chukua. Mpigie kila mmoja, umwambie jina lake lilipotelea wapi, na nani alilipoteza."

"Sasa hivi?"

"Nataka kusikia simu ya kwanza, kisha niende."

Fundi alifunua ukurasa. Mwandiko ulikuwa ule ule, wa mviringo, wino umevuja kidogo pembeni. Akabonyeza namba. Ikaita mara nne.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Napiga kutoka kituo cha damu. Jina lako lilikuwa kwetu, likafutwa. Si karani aliyelifuta. Ni mimi."

Alisikiliza. Nyuma yake kiti kilisogea, viatu vikavuka sakafu, mlango ukafunguka.

"Ndiyo, mzee. Nakuahidi. Safari hii nikikosea, nitasema siku hiyo hiyo."